Gereji inaganda, gundi haishiki, chumba cha mtoto kinapoa: nianzie wapi?

Randa

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wenu kabla sijatumia hela vibaya.

Nina gereji ya gari moja iliyoshikana na nyumba. Kuta tatu ni za nje, za tofali moja tupu, na wa nne unapakana na chumba anacholala binti yetu wa miaka sita. Mlango ni wa bati jembamba, vipande vinne vinavyojikunja kupanda juu. Dari hakuna, ukiinua macho unaona kenchi na paa. Sakafu ni zege. Gari linalala nje kwa sababu humo ndimo ninamofanyia useremala jioni nikitoka kazini.

Baridi ya safari hii imenishinda. Usiku nje kunashuka mpaka nyuzi 10 chini ya sifuri, na asubuhi ndoo ya maji iliyo ndani ya gereji nakuta ina utando wa barafu. Wiki iliyopita niliunganisha miguu ya kitanda cha huyo binti kwa gundi nyeupe ya mbao, nikaiacha kwenye vibano usiku kucha. Asubuhi nalegeza vibano, gundi iliyochuruzika pembeni imekuwa kama unga wa chaki. Nikaushika mguu wa kwanza, ukachomoka wenyewe. Patasi zote zimeanza kutu. Na ule ukuta wa chumba cha mtoto, ukiweka kiganja unahisi ubaridi wake, tumelazimika kusogeza godoro lake upande wa pili.

Nafikiria kununua pamba ya fibaglasi nijaze kila mahali. Jirani anasema zile karatasi za foili zenye malengelenge zinatosha. Mnanishauri nini? Kazi nitafanya mwenyewe, ingawa si fundi ujenzi.

Tindo

Pole sana mkuu. Kabla sijasema lolote nijibu mawili. Humo ndani unapasha moto kwa kitu gani? Na kuna chochote kinachowaka gesi au mafuta, boila au tanuri?

Nauliza kwa sababu kihami joto hakitengenezi joto, kinachelewesha tu lile lililopo lisitoke. Gereji isiyo na chanzo cha joto, hata uijaze pamba hadi kwenye kenchi, baada ya siku kadhaa za baridi itakaribiana na nje.

Randa

Nina hita ndogo ya umeme, nawasha nikiingia nazima nikitoka. Boila ya gesi ya nyumba nzima iko humo ukutani. Chini yake kuna tundu lenye wavu, ukubwa wa daftari, upepo ulikuwa unapita hapo sitaki kusimulia. Nimelisokomeza gunia wiki iliyopita, sasa angalau kuna nafuu.

BiMizani

Ndugu yangu, acha kusoma hapo hapo. Zima boila, toa hilo gunia, fungua mlango mkubwa wa gereji, toka nje. Na mtoto asilale chumba hicho leo. Ukishafanya hayo ndipo urudi.

BiMizani

Naendelea, nikiamini umeshatoka. Tundu hilo halikuachwa kwa uzembe. Boila za aina fulani huvuta hewa ya kuunguzia gesi kutoka chumba zilimo, na tundu ndilo linaloileta. Ukiliziba, gesi haiungui sawasawa, inatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nayo, kwa hiyo mtu anakosa oksijeni huku anapumua kama kawaida. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na watu wengi hudhani ni mafua au uchovu. Aliyelala haoni dalili yoyote.

Ziko boila nyingine zilizofungwa kabisa, zinavuta hewa ya nje kwa bomba lake zenyewe. Huenda yako ni hiyo. Lakini si wewe wala mimi wa kuamua kwa kuiangalia, ni fundi wa gesi mwenye kibali.

Randa

Nimetoa. Boila nimezima, madirisha yote wazi, mtoto yuko sebuleni na mama yake. Mikono inatetemeka ninavyoandika. Juzi nilitoka humo kichwa kinagonga, nikamwambia mke wangu ni baridi. Asante dada, sina neno jingine.

BiMizani

Asante kwa kusikia haraka. Hicho kichwa nenda kakiseme kwa daktari usiku huu, nyote watatu mpimwe damu, na utaje boila na gunia ili wajue wanatafuta nini. Boila isiwashwe mpaka fundi aikague. Kisha nunua ving'ora vya kaboni monoksaidi, kimoja gereji na kingine karibu na chumba cha binti.

Randa

Wakuu, narudi baada ya siku mbili. Damu zetu ziko salama, mimi pekee ndiye niliyekutwa na kiasi kidogo kilichozidi kawaida na daktari ameniruhusu. Fundi wa gesi amekuja: boila yetu inavuta hewa ya chumbani. Tundu lisizibwe, hata kwa nusu. Ving'ora viwili viko ukutani.

Sasa narudi kwenye swali langu nikiwa na adabu zaidi. Kama tundu lazima libaki wazi, kuna maana gani ya kuhami gereji?

Tindo

Tumshukuru Mungu kwa hilo.

Maana ipo. Muulize fundi wa gesi kama anaweza kuijengea boila kabati lake, lenye mlango wa kufungulia wakati wa matengenezo na matundu yake yanayotazama nje. Baridi ya tundu itaishia ndani ya kabati. Vipimo vya matundu na nafasi ya kuzunguka boila avitoe yeye kwa kitabu cha mtengenezaji, wewe ufanye useremala tu.

Baada ya hapo fuata upepo kabla ya kununua pamba. Mchana, jifungie humo, zima taa, kaa dakika tano macho yazoee giza. Kila unapoona mwanga ndipo hela yako ya umeme inapopotelea. Mara nyingi ni chini ya mlango, pembe zake mbili za chini, na mahali ukuta unapokutana na paa. Siku ya upepo shika kipande cha karatasi laini mbele ya nyufa usizoziona, kitakuonyesha. Usitumie mshumaa, gerejini kuna mvuke wa petroli na wa vanishi.

Mpira wa chini ya mlango ukiwa mgumu na umepasuka, badilisha. Kama zege lina bonde, gundisha kizingiti cha mpira sakafuni ili viwili vibanane. Pembeni na juu piga mipira yenye ulimi unaolalia bati. Kazi ya siku moja, na hakuna utakachonunua kitakachokulipa haraka kuliko hiki.

Kenchi_Nne

Mimi naunga mkono foili ya jirani. Nyepesi, rahisi kubandika, inarudisha joto ndani. Niliibandika kwenye bati la mlango wangu jioni moja tu.

Tindo

Kenchi, kwa heshima, foili inafanya kazi yake pale tu mbele ya uso wake pana nafasi ya hewa. Ukiilaza moja kwa moja juu ya bati, upande huo haina cha kurudisha, joto linapita kwa kugusana. Yale malengelenge ni milimita chache za hewa. Afadhali kuliko bati tupu, lakini si ya kutegemea kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri.

Randa, kwa mlango tumia bodi za povu gumu. Kata kipande kwa kila paneli peke yake, usivushe kwenye maungio maana mlango lazima ukunjike. Kabla ya kununua unene wowote, inua mlango taratibu na utazame paneli ya juu inapopinda kwenye reli, upime nafasi iliyobaki. Wengine hununua bodi nene, mlango unakwama katikati.

Randa

Nimejifungia gizani. Kona ya kulia chini ya mlango kidole gumba kinapita. Mpira wenyewe nikiukunja unavunjika kama biskuti. Na ukuta wa mtoto nimekuta matundu matatu ya zamani ya nyaya, moja naona taa ya chumbani kwake.

BiMizani

Hilo la matundu ya nyaya ndilo la kwanza, kabla ya mlango. Ukuta kati ya gereji na nyumba unazuia moto, moshi na mvuke wa petroli usifike anapolala mtu. Ziba kwa silikoni maalumu inayostahimili moto, si povu la kawaida la kupuliza. Halafu, kwa sababu gereji yako haipashwi muda wote, mpaka halisi wa joto la nyumba ni ukuta huu. Uhami upande wa gereji kwa pamba ya mwamba, yaani ya nyuzi za mawe, ambayo haiungui, juu yake jipsamu ya kuzuia moto. Ulizia kanuni za ujenzi za kwenu zinataka unene gani.

Angalizo ambalo wengi hulikosea: nailoni ya kuzuia mvuke hukaa upande wenye joto. Kwenye ukuta huu upande wa joto ni chumbani kwa mtoto, kwa hiyo upande wa gereji usiweke nailoni. Kuta za nje ni kinyume chake, ukipasha gereji upande wa joto ni wa ndani, karibu na wewe.

Msasa

Naomba niongeze kuhusu kutu, maana mimi nilipoteza randa mbili za chuma kwa kutolijua hili. Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba takriban gramu 17 za maji kwa kila mita ya ujazo. Ya nyuzi sifuri haifikishi hata 5. Ukiwasha hita saa mbili, hewa inanyonya unyevu wa mbao, wa pumzi yako, wa viatu vyenye theluji. Ukizima, yale maji ya ziada yanatafuta kitu cha baridi zaidi cha kutua, nacho ni chuma. Ndiyo maana patasi zinalowa bila kumwagiwa maji.

Usijaribu hita ya gesi isiyo na bomba la kutoa moshi. Mbali na hatari mliyokwisha kuiona, kila kilo moja ya propeni ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, yote yanabaki chumbani kama mvuke. Kwa useremala wa jioni, hita ya umeme uliyonayo ni bora, na patasi zikae kwenye sanduku lenye kifuniko, zimepakwa mafuta.

Tindo

Kuta za nje za tofali, sahau pamba ya fibaglasi. Tofali moja hupitisha unyevu wa mvua, pamba ikiloa inalala chini kama nguo na joto linapita. Kwanza kagua mifereji ya paa na udongo kati ya tofali kwa nje. Kisha bandika bodi za povu gumu bila kuacha mwanya nyuma yake, maungio uyafunge kwa utepe, juu yake jipsamu, maana povu halitakiwi kubaki wazi, likishika moto moshi wake unaua. Sentimita 5 za povu hilo zinazuia joto sawa na ukuta wa tofali wenye unene wa karibu mita moja.

Juu piga dari ya jipsamu, na huko ndiko pamba inakofaa, sentimita 20 au zaidi. Usisukumize pamba mpaka ukingoni mwa paa ukaziba njia ya upepo, mbao za kenchi zitaoza. Na kabla ya kupiga, mwonyeshe mtu anayejua kenchi zako kama zinabeba: jipsamu ya kawaida ina karibu kilo 9 kwa mita moja ya mraba, bado pamba.

Msasa

Na kitanda cha binti usikisubirishe mpaka gereji iishe. Ule unga wa chaki ni gundi iliyokaukia chini ya joto lake, nyingi za aina hiyo zinataka angalau nyuzi 10, na mbao nazo ziwe na joto hilo, si hewa peke yake. Kwangua gundi yote iliyokufa mpaka uone mbao, ingiza vipande na chupa ya gundi ndani ya nyumba vilale siku nzima, ndipo ugundishe, hukohuko sebuleni.

Randa

Wiki tatu zimepita, nimekuja na ripoti.

Ukuta wa mtoto umekwisha, pamba ya mwamba na jipsamu, matundu yote yamezibwa. Juzi usiku niliweka kiganja upande wa chumbani kwake, nikakiacha pale muda mrefu. Si baridi tena. Godoro limerudi mahali pake, na liko juu ya kitanda, kiligundishwa sebuleni na gundi ya pembeni imekauka ikaangaza kama ukucha. Kabati la boila fundi amelipima, nimelijenga, amerudi kulikagua. Mpira wa mlango mpya. Bodi za povu nimebandika paneli zote nne, mlango unakunjika vizuri. Dari na kuta za nje zinasubiri mshahara.

Jambo moja linanitia wasiwasi. Tangu nibandike bodi, mota ya mlango inalia kwa uzito. Nikiichomoa na kuinua mlango kwa mkono mpaka katikati, nikiachia unashuka wenyewe. Zamani ulikuwa unabaki hapohapo. Nikaze springi?

Tindo

Usiiguse. Umeongeza uzito, springi haziulingani tena, na springi ya mlango huo ikifyatuka inavunja mkono au taya. Tafuta fundi wa milango, apime uzito mpya na aziweke upya au azibadilishe. Mpaka aje, acha mlango chini umefungwa, mota ikiwa imechomolewa, mpitie mlango mdogo, na binti asicheze upande huo.

Randa

Nimechomoa. Fundi anakuja Jumamosi asubuhi.