Naomba ushauri: mtoto aliyetibiwa saratani kwa sisplatini (dawa inayoweza kudhuru usikivu), avae vifaa vya usikivu sasa?

Habari wakuu. Nawaomba hasa wapimaji wa usikivu na walimu wa elimu maalumu.

Mtoto ana miaka 7, yuko darasa la pili. Alimaliza sisplatini akiwa na miaka 3 kwa saratani ya ini, jumla mg 480 kwa mita ya mraba ya mwili. Audiogramu (kipimo cha usikivu; desibeli zikipanda, usikivu umepungua), masikio yote mawili: desibeli 15 kutoka hezi 500 hadi 2000, 40 kwenye 4000, 65 kwenye 8000. Mwaka jana 4000 ilikuwa 30. Usikivu bado unashuka, na dawa hii hufanya hivyo hata miaka baada ya matibabu.

Nyumbani wanasema "anasikia, ukimwita anageuka". Ni kweli, sauti nene anazipata. Zinazopotea ni s, f na sh: kwenye imla "sisi" imeandikwa "fisi". Ukipiga makofi nyuma yake ageuke, hujapima kitu.

Je, mngemvisha vifaa sasa, vile visivyoziba tundu la sikio ili sauti nene ziingie zenyewe, au mngesubiri hadi hezi 2000 nayo iguswe? Darasa lina watoto 70. Kuna aliyetumia kipaza sauti cha mwalimu kinachorusha moja kwa moja sikioni? Betri na chaji mlimudu vipi? Na kupima kila miezi 6 kunatosha?

Sodiamu thiosulfeti, dawa ya kukinga usikivu dhidi ya sisplatini, msinitajie jamani. Hiyo hutolewa saa 6 baada ya dripu ya sisplatini, siyo miaka 4. Jentamaisini, antibiotiki inayoweza kudhuru masikio, tumeshaandika kwenye kadi yake: epuka ikiwezekana.