Glezi ya mkono kwenye rangi mpya: siku ya 12 tangu boneti ipulizwe, nianze au nisubiri?

GX110_Nyeusi
Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota Mark II nyeusi, namba ya rangi 202. Boneti, fenda ya kushoto na mlango wa mbele vilipulizwa upya Gerezani, leo siku ya 12. Gereji haina tanuri, rangi imekauka kwa hewa tu. Fundi alipiga msasa wa maji namba 2000, akamalizia na kompaundi (dawa ya kusugua na kulainisha rangi) kwa mashine. Mchana gari linapendeza. Usiku nikiingia sheli, chini ya zile taa nyeupe, boneti inaonyesha miduara myembamba kama utando wa buibui. Roho inaniuma, maana gari hili aliniachia marehemu baba, na alilitunza kweli kweli.

Nina chupa ya Meguiar's namba 7, ile glezi ya kung'arisha rangi, na kopo la waksi. Muuza vipuri kasema nipake waksi leo leo. Nipake kipi, na kwa mkono napakaje?

Dereva_wa_Kibo
Paka waksi tu mkuu. Mimi nilipaka siku ya tatu, huu mwaka wa pili, hakuna kilichotokea.

MzeeWaMsasa
Kijana, hiyo waksi ifungie kabatini. Nimepuliza rangi Tanga tangu 1994, na hili jambo limenigharimu.

Kliya, ile rangi angavu ya juu ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuikaza), ukiishika siku ya pili unaona imekauka, lakini ndani thina bado inatoka. Inama uinuse boneti asubuhi kabla jua halijaipata. Ukisikia harufu ya rangi, jua bado inapumua. Gari lililopikwa kwenye tanuri, nyuzi 60 kwa nusu saa hivi, huwa limekwenda mbele zaidi. La kwako lilikauka kwa hewa, na hewa ya pwani ina unyevu. Mimi huwaambia wateja wangu siku 90 ndipo waksi. Kuna kliya zinazoruhusu siku 30, hivyo muulize fundi wako alitumia ipi na maelekezo ya kopo yanasemaje.

Namba 7 haina waksi na imetengenezwa iweze kukaa juu ya rangi mbichi. Imperial Hand Glaze ya 3M nayo ni ya kundi hilo. Ni mafuta yanayoingia kwenye mikwaruzo midogo na kuipa rangi kina, na nyeusi ndiyo inayoyapenda kuliko rangi zote. Ila ukienda dukani usiseme "glezi" ukanyamaza, kwa sababu ipo puti nyembamba ya kuziba vitobo nayo wanaiita glezi. Nimeona mtu amerudi na hiyo.

Sasa mkono. Osha kwa maji mengi, kausha, subiri jioni. Weka mgongo wa kiganja juu ya boneti: ikiwa ya vuguvugu, acha ipoe. Igawe boneti mara nne. Tone la ukubwa wa sarafu kwenye sponji laini linatosha robo moja. Vuta kwa mistari iliyonyooka, kutoka kioo kuelekea taa, kila mstari ukipanda nusu ya uliotangulia. Usizungushe, umeshachoka na miduara. Mkono uwe mwepesi kama unampaka mtoto mafuta. Robo ikiisha ifute hapo hapo, usingoje ikauke, maana namba 7 ikikauka inanata na utaanza kusugua kwa nguvu. Kitambaa cha maikrofaiba kikunje mara nne, kata lebo yake, geuza upande kila unapoona kimelowa. Kikianguka chini, hata mara moja, kiweke kando mpaka kifuliwe.

Dereva wa Kibo, nafurahi gari lako limepona. Mimi niliwahi kupaka polishi ya silikoni kwenye mlango wa wiki moja. Mwenye gari akaukwaruza getini, akarudi. Niliposafisha na kupuliza tena, rangi ilikimbia, ikaacha vitundu vya duara kama macho ya samaki mlango mzima. Nilikwangua hadi bati, kwa pesa yangu.

GX110_Nyeusi
Shikamoo mzee, na asante sana. Mawili tu: itakaa muda gani? Na mahali ninapoegesha pana mkungu wenye popo.

MzeeWaMsasa
Marahaba. Haikai. Ukiosha kwa sabuni mara mbili tatu imeondoka, masika ndiyo kabisa, na wewe unapaka tena. Hailindi chochote, kwa hiyo hao popo ni hatari kuliko miduara. Kinyesi chao kikilala siku nzima juani juu ya rangi mbichi kinaacha alama. Beba chupa ya maji garini, kilowanishe, kiinue kwa kitambaa bila kusugua. Bora zaidi hamisha gari. Turubai pia usifunike kwa sasa.

MamaNoah
Naongezea kwa mzee: chunga mpira wa dirisha na kingo za boneti, glezi ikijificha pale inaganda nyeupe. Mimi huzipitia kwa brashi laini ya kupakia poda.

GX110_Nyeusi
Nimepaka jana saa kumi na moja jioni, boneti peke yake, dakika 40. Robo ya kwanza niliweka nyingi, ikabaki na ukungu wa mafuta, nikaifuta tena leo alfajiri ukaisha. Usiku nilikwenda sheli makusudi. Utando wa buibui hauonekani. Imebaki mistari mitatu iliyonyooka karibu na taa ya kushoto.

MzeeWaMsasa
Hiyo mitatu ni ya msasa, glezi haiwezi kuizika. Usiisugue. Mrudishie fundi aipitie kwa kompaundi, kisha upake upya sehemu hiyo. Fenda na mlango endelea leo jioni, sponji ileile ukiisha kuifua.