Mrejesho: Mama na ngazi za ofisi ya umma

Wakuu, niliuliza nifanyeje mama yangu, anayetumia kiti mwendo, aweze kuingia ofisi moja ya umma hapa Dar yenye ngazi tatu mlangoni. Aliyenishauri niandike barua nikitaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, Mungu akubariki. Niliipeleka kwa mkono, nakala yangu ikagongwa muhuri, na ilifanya kazi kuliko maneno yote ya pale getini.

Njia ya mteremko imejengwa. Fundi alianza na fupi mno, kali kama paa. Nikamwomba msimamizi wafuate kipimo cha moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita moja ya kimo ipate sentimita 12 za urefu: ngazi zote tatu kwa pamoja zina kimo cha sentimita 45, basi mteremko unataka mita 5.4. Wakabomoa, wakajenga upya. Sasa mama anapanda mwenyewe, mikono yake kwenye magurudumu. Zamani walinzi walimbeba, gauni likipanda mbele za watu, na kile kilimuumiza kuliko ugonjwa.

Kilichobaki ni njiani. Kwenye mwendokasi jukwaa liko usawa na mlango wa basi, anaingia vizuri. Tukitoka kituoni, bodaboda zimepaki juu ya njia ya waenda kwa miguu na mtaro hauna mfuniko, hivyo namsukuma barabarani katikati ya daladala. Hii haikubaliki kabisa. Naandika barua ya pili. Anayejua mifuniko ya mitaro iko chini ya manispaa au wakala wa barabara, tafadhali anielekeze.