Tupeane uzoefu: Mliojenga mifumo ya taarifa maofisini, daftari la mhusika liliwaonyesha nini?

Msomaleja:
Habari za jioni wakuu. Uzi huu ni wa waliowahi kusanifu au kujenga mfumo wa taasisi: sakosi, zahanati, chuo, ushirika, duka. Ubishi wa lugha ipi ya programu ni bora una nyuzi zake, tusiulete hapa. Nataka yale mliyoyakuta kwenye daftari ambayo kikaoni hakuna aliyeyataja.

Naanza. Sakosi moja ya walimu, Nyanda za Juu Kusini. Bodi ilieleza vizuri: mwanachama ana hisa, akiba, mkopo na wadhamini. Kwa michoro ile ya kupangilia data ya Peter Chen ya mwaka 1976, masanduku na mistari ya uhusiano, unaweza kudhani umemaliza kazi kabla ya chakula cha mchana. Nikaomba kukaa na mhasibu mwisho wa mwezi. Leja yake ina safu ya penseli pembeni. Kumbe makato ya mshahara yanaingia benki kwa mkupuo, orodha ya majina inafuata baadaye, na jumla ya orodha mara nyingi hailingani na fedha iliyoingia. Huyu kahama, yule kastaafu, mwingine yuko likizo bila malipo. Fedha isiyojulikana mwenyewe ilikuwa inakaa kwenye penseli. Tukaijengea akaunti ya kusubiri: haigawiwi bila orodha, na kila mgawo unabaki na jina la aliyeufanya. Kwenye hadidu za rejea jambo hilo halikuwemo kabisa.

Halafu wadhamini. Wengi humchorea mdhamini sanduku lake, wakati ni mwanachama yuleyule. Akibadili anwani unarekebisha upande mmoja, upande wa pili anabaki na ya zamani. Na siku akitaka kutoa akiba, mfumo haujui kwamba imefungwa kwa mkopo wa mwenzake.

Nesi wa zamu:
Mkuu, mimi si fundi, ni mtumiaji tu, niko zahanati. Mgonjwa wa nje tunamwandika kitabu cha 5 cha MTUHA, yaani vitabu vya taarifa za huduma za afya, mwisho wa mwezi tunajumlisha, takwimu zinaingizwa DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Mradi mmoja ukatuletea mfumo wa mapokezi ambao hausogei mpaka ujaze tarehe kamili ya kuzaliwa. Bibi anakwambia alizaliwa mwaka wa njaa, na nyuma yake kuna foleni. Sote tukawa tunajaza Januari mosi. Ukifungua ripoti, unaona nusu ya kijiji inasherehekea pamoja! Baadaye waliweka nafasi ya umri na alama ya kuonyesha kuwa umekadiriwa. Hapo tukaanza kuandika ukweli.

Kimya Kingi:
Nyie mna bahati mlifika hata kwenye daftari. Kwetu bosi alitaka dashibodi yenye rangi kabla fomu ya kuingizia data haijakubaliwa. Tukampa. Rangi zipo.

Karani wa Maziwa:
Salamu kutoka Nyandarua, Kenya. Ushirika wetu hupima maziwa kila asubuhi. Mwisho wa mwezi mkulima anakatwa chakula cha ng'ombe alichokopa stoo na gharama ya uhimilishaji, kisha salio anatumiwa kwa M-Pesa. Kijana aliyetujengea mfumo aliamua namba ya simu ndiyo kitambulisho cha mkulima. Lakini laini isiyotumika muda mrefu hupewa mtu mwingine, na kuna mzee pesa zake za maziwa zilienda kwa mtu asiyefuga hata kuku.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Uanachama uko kwa jina la mzee, anayekamua ni mama, na kijana aliyeoa analeta yake kwa namba hiyohiyo. Karani wa zamani alikuwa anaongeza herufi ndogo baada ya namba, basi kila mtu anajua chake. Mfumo ukakataa herufi, ugomvi wa bomani ukahamia kwa dirisha letu. Siku hizi namba hutolewa na ushirika, chini ya mwanachama mmoja kuna wapokeaji kadhaa, na simu ina historia yake: ilianza lini, ikaisha lini, nani aliidhinisha.

Msomaleja:
Karani, na mwanachama akifariki?

Karani wa Maziwa:
Hafutwi. Namba inafungwa, ya mrithi inafunguliwa na kuunganishwa nayo, kwa sababu deni la stoo linabaki.

Dirisha la Ada:
Niko ofisi ya fedha, chuo cha umma. Tunapokea ada kwa kumbukumbu namba za GePG, mfumo wa serikali wa kupokea malipo, uliopo tangu 2017. Waliotusanifia waliweka ankara ilipwe kiasi kilekile kilichoandikwa, wakati mzazi anayetegemea mahindi hulipa kidogokidogo. Kila mara anarudi kuomba namba mpya. Kuruhusu malipo ya sehemu ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ni aliyezidisha: ziada iende muhula ujao au irudishwe? Fundi hawezi kuliamua hilo, akiliamua kimyakimya ndipo utata unapoanza.

Mpunguza Fomu:
Nyongeza kwa wa Tanzania: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023. Fomu moja niliyopewa niigeuze kuwa ya kidijitali iliuliza kabila na dini. Nikauliza ni ripoti gani inayozitumia. Hakuna. Zikatoka.

Mgeni wa Mifumo:
Wakuu, nina duka la dawa, kila kitu kiko Excel. Nihamishe data zote?

Msomaleja:
Hamisha dawa zilizopo na madeni, basi. Funga duka jioni, hesabu rafu kwa mikono, andika namba ya toleo (batch) na tarehe ya kuisha muda. Dawa moja yenye matoleo mawili ni mistari miwili, na mfumo utoe kwanza inayowahi kuisha. Faili la zamani liache la kusoma tu.

Mgeni wa Mifumo:
Na zile ninazouza kidonge kimojakimoja?

Msomaleja:
Stoki yote itunzwe kwa kidonge. Boksi na pakiti ziwe vipimo vya kununulia, kila kimoja na idadi yake ya vidonge, maana msambazaji mwingine anaweza kuleta boksi la idadi tofauti.