Mrejesho: mdogo wangu na seli nilizomchangia

Ndugu zangu, niliwauliza kama ni salama kumchangia mdogo wangu mwenye saratani ya damu seli shina (seli za uboho zinazotengeneza damu), ilhali vinasaba vyetu vya kinga vinalingana nusu tu. Niliogopa chembe zangu za kinga zitaushambulia mwili wake. Tulifanyiwa upandikizaji huku Chennai, India. Leo ni siku ya 64 tangu apandikizwe.

Kilichonishangaza ni siklofosfamaidi, dawa ya kuua seli za saratani. Siku ya 3 na ya 4 baada ya kupandikizwa alipewa dozi kubwa. Daktari alinieleza: chembe zangu zinazouona mwili wake kama adui huwa zimeanza kuzaliana kwa kasi, na dawa huzipiga hizo zaidi, seli shina zenyewe huhimili. Siku ya 5 akaanzishiwa takrolimasi na maikofenoleti, dawa za kutuliza kinga. Takrolimasi ina masharti: siku ya kupima kiwango chake kwenye damu hamezi dozi ya asubuhi mpaka damu itolewe, na balungi ni marufuku.

Wiki mbili zilizopita viganja vilimwasha, vikawa vyekundu. Nikahofu chembe zangu zimeanza kumshambulia, nikamkimbiza kliniki roho mkononi. Akapewa krimu ya steroidi, vikatulia. Sasa kila asubuhi namkagua viganja, nyayo na macho, namwuliza choo kikoje. Mliotuombea, Mungu awalipe.