Fomu ya majina: preg_match inasema baba wa Asha ni Binti

Kutoka: Katibu, Leicester
Assalaam alaykum. Ofisi imeturudishia orodha ya wanachama, eti majina ya baba yana kasoro. Niliyatoa kwenye faili la zamani kwa PHP (lugha ya programu), preg_match ikikata jina vipande na kuvitia ndani ya $m kwa namba:

preg_match('/^(\w+) (bin |binti )?(\w+) (\w+)$/', $jina, $m);

Kwa "Asha Juma Khamis", $m[2] inatoka tupu. Kwa "Asha binti Juma", $m[3] inasema baba ni "binti". Naomba msaada. Na kisanduku cha jina la ukoo niweke baba au babu? Mwisho Ijumaa.

Kutoka: Mwana wa Wete, Toronto
Ukoo! Pasi yangu ina babu, ZanID (kitambulisho cha Zanzibar) ina babu, na kazini wananiita babu huyo asubuhi hadi jioni. Marehemu hakuwahi hata kuvuka Mkumbuu, kwetu Pemba. Katibu, chukua $m[0] yatosha.

Kutoka: Maalim, Cambridge
$m[0] ni jina zima lililolingana, ndugu yangu, si jibu. Mnasoma nusu nusu halafu mnafundisha wenzenu. Kila mabano yanayofunguka huhesabiwa, hata yasipokamata kitu. "Binti" asipokuwepo, nafasi ya 2 hubaki tupu na baba yuko ya 3. Majina yakiwa mawili, regeksi (huo mchoro wa kutafuta maneno) hurudi nyuma, ikaliacha "binti" lisimame kama jina. Ondoa hesabu kwa kuweka ?: mwanzo wa mabano, na babu awe hiari:

/^([\w']+) (?:bin |binti )?([\w']+)(?: ([\w']+))?$/

Baba 2, babu 3. Nimeongeza ritifaa kwa sababu ya kina Mas'oud, \w (herufi, tarakimu na mstari wa chini) haiijui. Weka PREG_UNMATCHED_AS_NULL, la sivyo asiye na babu hatakuwa na $m[3] kabisa. Maktaba ya programu iliyo nyuma ya preg_match, PCRE, Philip Hazel aliianza hapa hapa Cambridge 1997.

Kutoka: Bi Mkubwa, Bristol
Maalim, alhamdulillahi, lakini nani kakuuliza historia? Mwanangu, mimi nilipobadilisha BRP (kadi ya ukaazi ya Uingereza) kwenda eVisa ya mtandaoni jina likageuzwa kichwa chini, na baba yangu akawa ndiye mimi. Niliandika barua, nikapiga simu, nikaambiwa nisubiri. Mpaka leo nasubiri.

Kutoka: Mwana wa Wete, Toronto
Kwa lugha ya C hutumii hivyo, Maalim. Ni pcre2_substring_get_bynumber, na kumbukumbu ya kompyuta lazima uiachie mwenyewe kwa pcre2_substring_free.

Kutoka: Maalim, Cambridge
Nani kasema C? Katibu kaandika PHP, mstari wa tatu, uko wazi.

Kutoka: Msafiri, Oslo
Haya yote asili yake ni uraia pacha kutokuwapo. Mtu angekuwa na pasi zote mbili asingehangaika na visanduku. Wakija viongozi kututembelea tunapiga picha, tunakula, hatuulizi.

Kutoka: Bi Mkubwa, Bristol
Siasa peleka kwenye lile kundi jengine, tafadhali. Hapa mvua tangu jana. Nimetamani urojo wa Forodhani, ule wenye bajia na kachori mpaka bakuli lifurike, pilipili inakutoa machozi.

Kutoka: Mwana wa Wete, Toronto
Unguja mnajua urojo tu. Pweza wa Chake je?

Kutoka: Katibu, Leicester
Maalim, Mungu akuzidishie, majina yametoka sawa. Sasa jamani: baba au babu? Ijumaa ni kesho.

Kutoka: Msafiri, Oslo
Nani anakwenda nyumbani Disemba mwenye nafasi ya kilo 5 tu? Mzee anataka dawa zake.