Mjadala: Tanga Mjini, jimbo la mawaziri. Tumefaidika nini?

Mwana Barabara ya Nane
Wagosi, Oktoba hii ya 2025 tunapiga kura tena na mtaani maneno ni yale yale: tuchague mtu mzito, atakayepewa wizara. Tujadili bila matusi. Mwapachu alikaa na jimbo hili kuanzia 2000 hadi 2010, akawa waziri kwa Mkapa na kwa Kikwete. 2010 akaja Omari Nundu, akapewa Uchukuzi, wizara yenye bandari na reli mkononi, akaachwa kwenye mabadiliko ya Mei 2012. 2015 tukampa Mussa Mbarouk wa CUF. 2020 likarudi CCM kwa Ummy Mwalimu, tayari waziri wa afya. Mawaziri watatu, mpinzani mmoja. Sasa niambieni, viwanda vilivyokufa vimefufuka vingapi? Kiwanda cha mbolea kiko wapi? Mimi naona uwaziri wa mbunge haujawahi kuwa wetu, ni wa aliyemteua.

Makorora Damu
Unasahau makusudi. Miaka mitano ya upinzani ilikuwa kelele tupu. Madiwani walisusa, baraza halikaliki, jiji likasimama. Maendeleo yamekuja tulipoacha ubishi: bandari, bomba la mafuta, hospitali ya Bombo. Mama amefanya kazi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Mgosi wa Pongwe
Bomba la mafuta? Jiwe la msingi Chongoleani liliwekwa tarehe 5 Agosti 2017, Magufuli na Museveni wamesimama pale, na mbunge wetu ni CUF. Kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, ziliishia Tanga kwa sababu njia hii ilikuwa nafuu kuliko ya Kenya, si kwa sababu ya rangi ya kofia ya mbunge. Bandari nayo, kazi ya kuongeza kina ilianza 2019. Kabla ya hapo meli zinatia nanga mbali, mzigo unaletwa kwa matishari. Leo zinafunga gatini, mita 450, kina mita 13, na zimekwenda zaidi ya shilingi bilioni 429. Hakuna hata kimoja kilichosubiri tubadilishe mbunge.

Na hilo la kususa, lisemwe lote. CUF walikuwa na madiwani wengi, umeya ukaenda CCM. Ungekuwa wewe ungekaa kikaoni upige makofi?

Makorora Damu
Jiwe la msingi si mradi. Nchi hii ina mawe mangapi ya msingi yameota majani? Halafu kama CUF walikuwa na nguvu hizo, mbona 2020 hawakuonekana?

Mwana Barabara ya Nane
Hawakuonekana kwa sababu chama kilipasuka na sote tuliona. Lipumba alijiuzulu uenyekiti Agosti 2015, akarudi 2016, kesi juu ya kesi. Machi 2019 Maalim Seif akahamia ACT, "shusha tanga, pandisha tanga", bendera zikabadilishwa hadi vibarazani. Novemba mwaka ule ule upinzani ukajitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa. Ukifika 2020 huna mwenyekiti wa mtaa, huna fedha, mawakala unawaokota. Utalinda kura na nani?

Na tuseme ukweli mwingine. Sisi wa Ngamiani, Mabawa, hata wewe wa Makorora, tunapiga kura kwa hoja. Wanaotuangusha ni kata za mashamba, huko Tongoni, Kirare, Chongoleani. Kanga moja na kilo ya sukari, kazi imekwisha.

Binti Tongoni
Hebu rudia hapo.

Nimesoma kimya tangu juu, nikidhani mnajadili mawaziri. Kumbe mnatafuta wa kumbebesha lawama. Kanga Ngamiani hazigawiwi? Kampeni zote nilizoziona, magari hugawa mjini kwanza, sisi tunaletewa mabaki. Samaki mnaokaanga jioni wanatoka kwetu, muhogo wa futari unatoka kwetu, lakini kura yetu ndiyo chafu. Waziri alikuja mwezi wa kampeni, mpinzani naye alikuja mwezi wa kampeni, wote wakaahidi barabara. Mtu aliyetupwa na pande zote mbili, ukimwambia kauza kura, umemtukana mara mbili.

Chongoleani Pwani
Bomba likitajwa ni "mradi wa Tanga". Sisi ambao ardhi imetoka kwetu tukitajwa ni "mashamba". Chagueni moja.

Mwana Barabara ya Nane
Msinipakazie. Sijatukana mtu, nimesema hali ilivyo. Na naona mmeiruka hoja ya mawaziri kama haipo.

Makorora Damu
Uliiruka mwenyewe ulipoanza kupima watu kwa kata zao. Leo nakubaliana na Binti Tongoni, ingawa najua hatampigia kura mgombea wangu.

Mzee wa Chumbageni
Wanangu, nisikilizeni. Uchaguzi wa 1958 na 1959, ule wa Baraza la Kutunga Sheria, hapigi kura kila mtu. Uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au uwe na kazi iliyomo kwenye orodha yao. Ukishafuzu hapo, unalazimishwa kura tatu: moja ya Mwafrika, moja ya Mwasia, moja ya Mzungu. TANU walibishana Tabora Januari 1958, wasusie au waingie. Wakaingia, Zuberi Mtemvu akaondoka kwa hasira akaanzisha chama chake. Baba yangu alikuwa kuli hapa bandarini. Hakupiga. Hoja ya serikali ya mkoloni ilikuwa hiyo hiyo, kwamba wengine hawajui kuchagua. Sipendi kuisikia ikitoka kinywani mwa mtoto wa Ngamiani.

Kura za jembe na nyumba nimezipiga mwenyewe. Chama kimoja, majina mawili, alama mbili. Watu wasiojua kusoma, tangu 1965, waliangusha hata mawaziri kwa alama hizo. Mnayemwita wa mashamba anajua kukataa.

Mwana Barabara ya Nane
Shikamoo mzee. Kwa heshima yako yote, kunilinganisha na mkoloni umenionea. Mkoloni alimnyima mtu kura. Mimi nalia na anayeinunua.

Mzee wa Chumbageni
Marahaba. Basi mtaje anayenunua. Wewe umetaja kata za wanaopewa.

Mgosi wa Pongwe
Dawa ya ugomvi huu ni kugawa jimbo. Mei hii ya 2025 tume ya uchaguzi imetangaza majimbo mapya manane, Mbeya Mjini imezaa Uyole, Dodoma imepata Mtumba. Sisi sensa ya 2012 ilitukuta 273,332, ya 2022 ikatukuta 393,429, na mbunge ni yule yule mmoja kutoka Mabokweni mpaka Tongoni. Atawafikia lini?

Makorora Damu
Kigezo cha mjini kilikuwa watu 600,000. Hatufiki. Na hata tungefika, nani alipeleka maombi?

Chongoleani Pwani
Mbeya nao hawakufika 600,000, mbona wamegawiwa? Kinachotakiwa ni watu wa kulisukuma jambo. Mawaziri wetu walikuwa wapi?

Binti Tongoni
Mimi sitaki mgawo. Mkigawa, gati, masoko na hospitali vyote vinabaki upande wenu, sisi tunapewa ofisi ya mbunge na bendera. Tongoni ni Tanga, makaburi ya zamani yaliyoko kwetu yanawajua watu wa mwambao huu kabla Ngamiani haijapimwa viwanja. Ninachotaka ni kimoja: wagombea wote waje wajibizane kwetu, hadharani, kabla ya Oktoba. Na ninyi mnaojua kuchagua mje mkae chini na sisi muulize maswali.

Mwana Barabara ya Nane
Nitakuja. Lakini la kanga na sukari silifuti, nitalisema pale pale mbele ya wagombea.

Binti Tongoni
Liseme. Na mimi nitawataja kwa majina waliozileta.